Nani Aliliandika Jina la Babu?

Mwanzoni mwa 1953, katika chumba cha shule kilichogeuzwa mahakama huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alitoa ushahidi wake na kuambiwa ajitambulishe. Alieleza kwamba hajui alizaliwa tarehe gani, mwezi gani wala mwaka gani, ila alidhani amepita miaka hamsini. Hakuwa anakwepa swali. Serikali iliyomshtaki ilikuwa na majalada manene kuhusu safari zake, hotuba zake na marafiki zake wa London, lakini karatasi ya kuzaliwa kwake haikuwamo. Wakati Kamau mdogo, Kenyatta wa baadaye, anazaliwa Kiambu, hapakuwa na ofisi iliyohitaji kujua.

Karatasi za mapema kumhusu zilitoka kanisani. Agosti 1914 alibatizwa katika misheni ya Kanisa la Scotland pale Thogoto, mahali ambapo jina lake lenyewe ni Scotland ilivyotamkwa na Wakikuyu. Inasimuliwa kwamba kijana alitaka aitwe John na pia Peter. Alipoambiwa achague moja, aliyaunganisha kwa ujanja, kwa kuwa Petro maana yake ni jiwe: akawa Johnstone. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametahiriwa na wenzake, na rika lao lilikuwa na jina lake lenyewe. Kwa mzee wa Kikuyu, kulitaja rika hilo kulitosha kumweka Kamau mahali pake katika mwendo wa miaka. Kwa mmisheni, kilichohesabika ni siku ya maji.

Halafu kuna jina la baba. Kumbukumbu za ujana wake zinamwita Kamau wa Ngengi, na mtu asiyejua atachora mti wa ukoo akimweka Ngengi juu ya Kamau. Baba mzazi aliitwa Muigai. Alipofariki, mdogo wake Ngengi alimrithi mjane pamoja na watoto, na kwa mila yao Ngengi akawa baba, bila maelezo ya ziada. Karatasi haikudanganya. Iliandika tu jibu la swali ambalo mwandishi aliliuliza kwa maana moja, na aliyejibu akalielewa kwa maana nyingine.

Rais wa kwanza wa Kenya amechunguzwa na waandishi wa kila namna, na bado mwaka wake wa kuzaliwa unakisiwa kati ya 1889 na 1897. Basi mjukuu wa mkulima wa Tetu au mvuvi wa Vanga asione haya akikwama katika kuutafuta ukoo wake. Kukwama ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii. Ila kuna swali moja linaloweza kumkwamua, nalo halimhusu babu bali yule aliyeshika kalamu: nani alilitaka jina hili, na alilitaka kwa kazi gani? Kanisa lilitaka roho. Serikali ilitaka kodi na vibarua. Tume ya ardhi ilitaka kujua nani anadai nini. Kila mmoja aliandika kile alichokihitaji, na babu anaonekana pale tu alipopita mbele ya dirisha la mmoja wao.

Pwani ya Kenya ndiko jambo hili linakoonekana waziwazi. Nyali na Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuna mahali panapoitwa Kengeleni. Wapanda matatu hulitaja jina hilo mara elfu kwa siku. Kengele yenyewe ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa 1875 na Church Missionary Society kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini. Miaka miwili kabla, Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na mjumbe aliyetumwa na Uingereza kuupigania aliitwa Sir Bartle Frere. Kijiji kikachukua jina lake. Meli za doria zilipokamata majahazi, mateka walihitaji mahali pa kushukia, na wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi kwao Uyao, Unyasa au kwingineko.

Sasa fikiria mtoto wa Kiyao aliyeshushwa hapo. Kwao ana jina alilopewa na mama yake. Njiani au nyumbani kwa bwana amepewa jingine: Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi, Juma, Hamisi, majina ya neema, ya vito na ya siku, yaliyokuwa ya kawaida kwa watumwa wa mwambao. Misheni inambatiza na kumpa la tatu, David au Samuel. Mara nyingine linaongezwa la nne, jina la ukoo la Kiingereza. Majina manne, mtu mmoja, na katika daftari huenda likaonekana moja tu.

Mfano unaojulikana sana ni Matthew Wellington. Kwao Uyao aliitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akapelekwa India katika kituo cha wamisheni karibu na Nashik, ambako watoto wa Kiafrika walifundishwa dini, kusoma na ufundi. Waliorudi kutoka huko waliitwa Waafrika wa Bombay. Wellington alikuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa David Livingstone hadi pwani, safari iliyofika Bagamoyo Februari 1874. Aliishi Mombasa hadi uzeeni na kufa 1935, baada ya maisha yake kuandikwa kitabu. Bila kitabu hicho, jina Chengwimbe lingeishia katika kumbukumbu ya watu wachache, na ukoo wake ungeonekana kana kwamba ulianzia na jemadari wa Kiingereza aliyempiga Napoleon.

Si kila ukoo wa Freretown ulimsubiri Mzungu aje kuuandika. Mwaka 1934 kilitoka kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela, mwana wa mmoja wa watumwa waliokombolewa. Watu wengi walikisoma shuleni kama hadithi ya utumwa, na wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza. Lawama hizo zina haki. Lakini mtu anayesaka nasaba hukisoma kwa jicho jingine: ni mtoto anayeandika alichosikia kwa baba yake na wazee wa kijijini, walitekwa vipi, walipita wapi, walifikaje. Historia ndogo za aina hii, zilizochapwa na misheni, na shule au na mzee mmoja mwenye taipureta, ndizo za kwanza kutafutwa. Zina makosa ya tarehe, zina upendeleo, lakini zina majina ambayo hayamo popote pengine.

Maili chache bara kutoka hapo, Rabai, orodha ilizaliwa kwa sababu tofauti kabisa. Misheni iliyoanzishwa na wamisheni Krapf na Rebmann katika miaka ya 1840 ilikuwa imejaa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao wa mwambao. Mabwana walikuja juu, na mwaka 1888 vita vilinukia. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa inaanza kutawala pwani, aliamua kuwalipa wenye watumwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro zaidi ya 1,400 walikabidhiwa hati za uhuru.

Mtu halipi fidia bila hesabu, na hesabu hiyo ilihitaji kujua mtoro ni nani na bwana wake ni nani. Kwa hiyo watu ambao kwa miaka walijificha wasijulikane waliandikwa kwa sababu fedha ilikuwa inabadilisha mikono. Ndivyo ilivyokuwa Zanzibar pia baada ya amri ya Aprili 1897: utumwa haukufutwa kwa mkupuo, bali mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na bwana alilipwa. Kila aliyekwenda aliacha alama. Wengi hawakwenda, na hao karatasi hazina habari zao.

Kwa familia za Kiislamu hakuna daftari la ubatizo, lakini kuna hati ya wakfu. Mtu aliyeweka shamba la minazi au nyumba kuwa wakfu kwa ajili ya kizazi chake alilazimika kutaja kizazi hicho, na baadhi ya hati za Zanzibar zinawataja pia watumwa walioachwa huru na bwana wao wawe miongoni mwa wanufaika. Mistari michache ya Kiarabu inaweza kuunganisha nyumba ya bwana na nyumba ya mwachwa huru, jambo ambalo wajukuu wa pande zote mbili pengine wasingependa litajwe kwenye karamu ya harusi. Na ukikutana na "bin Abdallah", usikimbilie kumtafuta Abdallah. Mara nyingine aliyeingia Uislamu, au ambaye baba yake hakujulikana, aliitwa hivyo kwa sababu kila mtu ni mja wa Mungu.

Daftari la Kikatoliki nalo lina siri yake, na anayeijua huokoa miezi ya kazi. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, na daftari zao, kama za parokia nyingine, ziliandikwa Kilatini kwa mpangilio uleule: namba, tarehe, jina la mbatizwa, wazazi, msimamizi, padri. Ikiwa wazazi hawakuwa Wakristo, iliandikwa kwamba ni wapagani, neno linaloudhi leo. Lakini papo hapo jina la nyumbani la baba na mama lilibaki jinsi lilivyo, maana hawakuwa na la ubatizo la kulifunika. Kisha tazama pembeni ya ukurasa. Tangu 1908 kanisa liliagiza ndoa iandikwe pia katika daftari la ubatizo. Bibi aliyebatizwa parokia moja na kuolewa nyingine, siku mbili kwa miguu, anaweza kupatikana kwa mstari mmoja wa wino tofauti uliobanwa ukingoni. Wengi hupiga picha katikati ya ukurasa na kuondoka.

Ukishapata daftari, subiri tahajia. Mjerumani aliandika alivyosikia na kwa herufi za kwao. Mchagga akawa Dschagga, Wayao wakawa Wajao. Anayemtafuta Njau katika maandishi ya Kilutheri ya Kilimanjaro apite pia penye herufi d, s, c na h zilizosongamana kama abiria wa jioni. Mfaransa naye aliandika Oukami kwa Ukami na Ouzaramo kwa Uzaramo. Mwingereza alichanganya r na l, na wakati mwingine alilikata "wa" la katikati akaacha majina mawili yasiyo na undugu.

Kanisa lilishika siku. Ardhi ilishika mahali. Hapa mtafutaji wa Kenya ana hazina ambayo watu wengi wa familia za Kiambu, Murang'a na Nyeri hawajawahi kuifungua. Mwaka 1932 serikali ya Uingereza iliunda tume ya ardhi chini ya Sir Morris Carter. Ripoti yake ilitoka 1934, na pamoja nayo mabuku matatu ya ushahidi. Mbele ya tume walipita wazee wa mbari, yaani koo zenye shamba la pamoja lililoitwa githaka, wakaeleza nani aliununua msitu kutoka kwa Waathi, wawindaji wa msituni, kwa mbuzi wangapi, mpaka ulipita mto gani, na kutoka kwa mnunuzi yule hadi wao vimepita vizazi vingapi. Walikuja kudai ardhi. Bila kukusudia wakaacha nasaba.

Ushahidi mwingine haukuwa wa maneno. Inasimuliwa hadi leo kwamba Chifu Koinange wa Mbiyu, ili kuthibitisha kwamba shamba lililomilikiwa na walowezi lilikuwa la watu wake, alifukua kaburi la babu yake na kuonyesha mifupa. Uzito wa tendo hilo hauonekani mpaka ujue kwamba zamani Wakikuyu hawakumzika kila mtu. Wengi walipelekwa porini. Aliyezikwa ni mzee mwenye mali na kizazi. Kaburi lenyewe lilikuwa hati. Tume ilisikiliza yote hayo, ikayapiga chapa, na bado ardhi ya walowezi ikabaki ya walowezi.

Kwa hiyo ushahidi huo usomwe kwa tahadhari. Mzee aliyekuwa anadai shamba alikuwa na kila sababu ya kuufanya ukoo wake uwe wa kale zaidi na ununuzi wake uwe safi zaidi, na jirani yake, kurasa chache mbele, alimkanusha. Njia nzuri ni kumweka mmoja mbele ya mwenzake, kisha kuuliza utaratibu wa majina. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na mabinti hivyohivyo kwa bibi. Ukijua majina ya ndugu kwa mpangilio wa kuzaliwa, umeyajua ya babu zao pande zote mbili hata kama hakuna aliyeyaandika. Utaratibu huohuo ndio mtego: Kamau wa Njoroge anamzaa Njoroge wa Kamau anayemzaa Kamau wa Njoroge, na mtafutaji asiye na rika mkononi anawageuza akina Kamau wawili kuwa mtu mmoja aliyeishi miaka 120.

Kilimanjaro karatasi ni changa kuliko mimea. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba lake la migomba, hupakana na cha jirani kwa safu ya masale, na wazee walizikwa humohumo migombani. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza huko na kuchapisha kitabu kuhusu Wachagga mwaka 1924, alieleza pia desturi ya zamani ya kufukua mifupa ya wazee na kuihifadhi kihambani. Anayezunguka mpaka na shangazi mmoja, taratibu, akiuliza "huyu jirani alikuwa nani kwetu?", hutoka na ramani ya ukoo. Mara nyingi jirani ni mwana wa baba mdogo aliyegawiwa kipande.

Pwani ya Kenya mambo yalikuwa kinyume. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilitaka kila anayedai ardhi ya mwambao apeleke dai lake kwa muda uliowekwa. Isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya Kiingereza. Waliokuwa na hati, mwanasheria au jamaa mjini walidai. Wamijikenda wengi hawakuingia. Leo mtu anaweza kupekua rejista za miaka hiyo, asione jina la babu yake hata mara moja, akadhani babu alihamia baadaye. Babu alikuwapo. Dirisha hilo halikufunguliwa upande wake.

Halafu kuna kipande, kilichowekwa kwa sheria ya 1915 na kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyetimiza umri alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na waajiri wake, ndani ya kikebe cha bati, mara nyingi shingoni. Wazee walikichukia kama kengele ya mbuzi. Wajukuu wanaokikuta chini ya sanduku hukishangilia, na hawakosei kwa lolote, ili mradi wakumbuke kwamba kilimweleza babu kwa macho ya mtu aliyetaka asitoroke kazini.

Maandishi yenyewe yako wapi? Daftari za ubatizo na ndoa kwa kawaida zilibaki parokiani au zilipelekwa dayosisi. Barua na ripoti za wamisheni zilisafiri: za Church Missionary Society ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, za Universities' Mission, waliojenga kanisa lao juu ya soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, ziko Oxford, na za Mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Nyaraka za serikali ziko Nyaraka za Taifa Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar. Anayekwenda parokiani aende na subira, majina yote anayoyajua na ombi la heshima kwa katibu. Daftari zile zina habari za watu wengine pia, na paroko ana haki ya kukataza zisipigwe picha ovyo.

Wengi, hata hivyo, huruka nyaraka iliyo karibu kuliko zote, kwa sababu inanuka ugomvi. Ni jalada la mirathi. Kenya, anayefungua mirathi hupeleka barua ya chifu inayotaja wajane na watoto wa marehemu, na tangazo hutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo matoleo yake ya miaka mingi yanapatikana mtandaoni. Tanzania, Mahakama ya Mwanzo huomba muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumthibitisha msimamizi. Muhtasari huo huandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la shule: waliohudhuria, uhusiano wa kila mmoja na marehemu, aliyependekezwa, saini, na dole gumba la bibi asiyejua kuandika. Mke wa pili ambaye watoto wa kwanza hawamtaji hujitokeza hapo. Mtoto aliyelelewa na mjomba pia. Ni kikao cha nadra ambapo ukoo mzima hukaa chini, ukajitaja na kuandika.

Nakala ya mahakama hufungiwa jaladani na nyingine hupotea kabla ya arobaini kwisha. Safari ijayo ukoo wako utakapokaa, mwombe katibu aandike na jina ambalo marehemu aliitwa na mama yake, kijiji alikozaliwa na rika au njaa ya wakati ule, kisha uipige picha karatasi hiyo kabla haijapelekwa kugongwa muhuri.